Jeshi la Bwana Shambani Kwangu

Kuna watu wakikuambia "tutakuombea," shika jembe ukimbie. Mimi sikukimbia, ndiyo maana nayajua haya.

Mwaka mume wangu alipopooza upande wa kulia, mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni na shamba letu, nyuma ya nyumba pale Malangali, lilikuwa pori tupu. Kwetu Ufipa nyasi unazifukia. Unazikusanya, unazifunika kwa udongo mpaka lisimame tuta la duara, ntumba, unapanda maharage juu yake. Mwaka unaofuata unalitawanya tuta lile, limeshakuwa mbolea, unapanda mahindi. Sharti ufanye ardhi ikiwa bado laini. Ikikauka umekwisha. Bila matuta yale wanangu wangekula nini, upepo?

Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Unapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, jioni shamba limekwisha. Nikapika. Lo! Kumbe pua za walokole wenzangu zinanusa hata kupenya ukuta. Mzee wa kanisa akaja mbio.

"Dada, pombe? Wewe uliyeokoka? Mwaga! Jumamosi tunakuja sisi, jeshi la Bwana."

Nikamwaga. Roho iliniuma, lakini nilimwamini, nikamwaga yote.

Jumamosi jeshi likaja. Viatu vimepigwa rangi vinang'aa! Nikatazama mikononi: Biblia, miavuli, kipaza sauti. Jembe hata la dawa. Wakasimama pembeni mwa shamba wakakemea roho ya njaa, roho ya uvivu, roho za ukoo wa mume wangu. Nyasi ziliwasikiliza vizuri tu, zikabaki palepale. Jua lilipofika utosini mzee akajifuta jasho, jasho la nini sijui, akaniuliza, "Dada, chakula kiko tayari?"

"Kiko tayari, mzee," nikasema, nikamnyooshea jembe langu. "Kiko hapo chini ya nyasi. Kichimbue tule."

Akacheka, akidhani namtania. Alipoona mimi sicheki, akakumbuka ana ibada mahali pengine. Jeshi zima nalo likakumbuka. Mashujaa wa maneno matupu!

Basi nikainama mwenyewe. Nililima nikilia kwa hasira, na niliomba pia, msinielewe vibaya. Mungu yule ni wangu, sikumwazima kwa mzee wa kanisa. Nikamwambia wazi: Bwana, hao umewaona, sasa nitie nguvu mimi. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa, mgongo unawaka, viganja vimechubuka, na ardhi inazidi kuwa ngumu. Nikaona kabisa sitamaliza.

Asubuhi moja nikasikia kitu kinaburuzika nyuma yangu. Nikageuka. Mume wangu alikuwa ametambaa kutoka kitandani mpaka shambani, umande umemlowesha kifuani, na kwa mkono wake mmoja mzima alikuwa anazivuta nyasi kuziweka fungu.

"Funika, mama," akasema kwa ulimi ule mzito. "Ardhi inakauka."

Nikafunika.