Masaa manane ya rula: Mzigo wa samaki kwenda Ulaya ulivyonifukuzisha kazi Mwanza

Wakuu, kwema humu?

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Na sijutii, kwa hiyo mwenye pole zake akae nazo.

Miaka ya tisini viwanda vya samaki vilipoanza kuota kando ya ziwa, niliajiriwa kimoja, jina sitaji. Nilikuwa packing, kitengo cha kufungasha. Kazi yangu kuhakikisha kila boksi la minofu ya sangara lina barafu ya kutosha kuifikisha Ulaya, kisha nasaini fomu.

Siku moja meneja akaniita ofisini. Ukutani kulikuwa na ramani ya dunia. Akaweka rula kutoka Mwanza mpaka Ulaya, akapima, akagawa kwa spidi ya ndege.

"Dada, ni masaa manane tu. Punguza barafu nusu, tuongeze samaki."

Sasa mimi nilishawahi kusindikiza mzigo hadi uwanja wa ndege. Kuna mzee mmoja mpakiaji nilimwamkia shikamoo, tukaongea. Aliniambia, "Binti, hii ndege haiendi moja kwa moja. Inashuka huko jangwani kujaza mafuta, na ikishuka inaweza kukaa hata masaa matano kwenye jua."

Ongeza masaa ya kusubiri hapa Mwanza. Ongeza ya kupakua kule. Nikapata karibu masaa ishirini, na hapo ndege haijaharibika.

Nikamwambia meneja hivyo. Akacheka, akauliza nimesomea urubani wapi.

(Nina form four, wakuu. Ila kujumlisha najua.)

Nikakataa kusaini. Msidhani nilikuwa na pa kukimbilia, nilikuwa na watoto wawili na mama yangu kule Usagara, wote wananitegemea mimi. Niliogopa sana. Lakini fomu ile ina jina langu, si la rula.

Meneja akaamuru barafu ipunguzwe nusu na gari liondoke bila fomu.

Siku ya tatu ikaja faksi kutoka Ulaya kwamba mzigo wote umekataliwa, unanuka.

Akaniita tena. Safari hii mpole kweli kweli, hadi kiti nikapewa. Akasukuma fomu mezani. "Saini tu kwa tarehe ile, ionekane barafu ilikuwa kamili. Tutasema ndege ndiyo ilichelewa."

Nikachukua kalamu. Nikaandika barafu ilikuwa nusu, kwa amri ya nani, na masaa yote niliyomtajia, moja baada ya jingine. Nikasaini jina langu kamili.

Akaichana.

Nikaomba fomu nyingine, nikaandika yale yale. Akaichana nayo, akaniambia nisikanyage tena pale. Nikavua aproni na gumbuti, nikapita packing kuwaaga wenzangu. Wengine walishindwa kuniangalia usoni, na siwalaumu.

Nilisota miezi mingi, sitawadanganya. Ila hakuna karatasi popote duniani yenye saini yangu chini ya uongo ule.

Nilichojifunza: ukiambiwa safari ni masaa kadhaa, uliza ni ya ndege kuwa hewani au ya mzigo kufika mezani kwa mlaji. Anayekujibu kwa hasira anajua tofauti.

Mliofanya kazi viwandani enzi zile, leteni yenu. Na wewe unayeona ningesaini tu yaishe, andika hapo chini. Nipo, nitakujibu.