Skrubu Chini ya Mshumaa

Nimewashonea watu nguo miaka ishirini na sita. Siku uzi na tundu la sindano vilipoacha kuonana, niliifunika cherehani na kuanza kutengeneza mishumaa ya kumimina kwenye chupa. Si kwamba naipenda sana mishumaa. Nilitaka tu mtu aniite tena fundi, maana jirani yangu alishaanza kuniita "yule mama wa nyumba ya kona", na iliniuma.

Muuza maua wa mtaa wa pili alikubali kuipanga kwenye kaunta yake, kwa sharti moja.

"Niletee mmoja tuuwashe hapa hapa mpaka uishe. Chupa ikipasuka, mama, tusisumbuane tena."

Nikaenda kuchagua chupa, kichwa kimenivimba. Nilichagua glasi nyembamba, zenye kiuno, nikiziinua moja moja kwenye mwanga kana kwamba nazipima gauni. Mwenye duka la vyombo akaniambia za mishumaa ziwe nene, zilizonyooka, za mdomo mpana. Nilimwonea huruma. Yeye anauza vyombo tu, mimi nina jicho.

Ya kwanza ilipasuka wakati namimina nta ya moto. Ya pili ilivumilia mpaka moto uliposhuka kwenye kile kiuno, ikalia ta! na nta ikatapakaa mezani. Ya tatu naomba tuiache. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe chake, akinywa chai polepole, na hilo liliniudhi kuliko maneno.

Mume wangu ni seremala. Kila chupa ya jamu inayoisha nyumbani kwetu huichukua na kuijaza skrubu. Rafu nzima imejaa chupa nene, zilizonyooka, za mdomo mpana. Nami miaka yote nimemcheka mbele ya wageni, nikimwita Waziri wa Chupa.

Nilimfuata karakana, nimenywea.

"Baba watoto, naomba chupa."

"Waziri yuko kikaoni," akajibu bila kuinua kichwa. Kisha akamimina skrubu kwenye kopo na kunipa chupa. "Ioshe vizuri."

"Nina macho," nikamwambia, nikiisukuma miwani yangu juu ya pua.

Kesho yake muuza maua aliuwasha mshumaa wa chupa hiyo alipofungua duka. Nilikaa kwenye kigoda kutwa nzima, kila kishindo cha mlango kikinishtua. Chupa haikulia hata kidogo. Jioni nta ikawa imebaki kidogo tu, angavu kama maji, na muuza maua akainama kutazama.

"Mama, hiki nini?"

Pembeni ya utambi ilikuwa imelala skrubu, inang'aa.

Mdomo ulishafunguka kusema ni pambo. Nikaona aibu.

"Ni ya mume wangu," nikasema. "Hata chupa ni yake. Mimi nilichagua zile zilizopasuka."

Alicheka mpaka akashikilia kaunta.

"Niletee kumi, fundi. Lakini bila skrubu."

Fundi! Nilitembea mpaka nyumbani nikilirudia neno hilo. Nikamsimulia mume wangu yote, nikamkabidhi skrubu yake kwa mikono miwili. Aliitazama, kisha akaitazama miwani yangu.

"Hizo kumi nitaziosha mimi," akasema, na fundi mwenye jicho akaenda kumletea beseni.