Chupa Aliyoazima Emlyn

Emlyn Pugh alizaliwa na damu isiyoganda. Mdogo wake Idwal alikuwa nayo pia, ila yake ilikuwa nafuu: akijikata alifungwa bendeji, yakaisha. Emlyn ndiye aliyelala hospitali utoto mzima, magoti yamefura, hadi ilipokuja dawa ya unga, ndani ya chupa ndogo, iliyotokana na damu ya maelfu ya watu. Akaiweka kwenye friji kando ya siagi, akajidunga mwenyewe, akafungua duka la kushona viatu bondeni Rhondda. Akajiona mtu kama watu.

Wagonjwa wa damu hiyo walikuwa na desturi waliyowaficha madaktari: mwenye chupa humwazima asiye nayo. Idwal alipooa, Emlyn alimpa yake moja, bwana harusi acheze bila kuvuja damu mpaka bendi ichoke.

Mwaka 1985 Daktari Probert alimwita Emlyn. Chembe za kinga mwilini zimepungua mno, alisema huku akitazama dirishani. Unga ule ulikuwa na virusi vya UKIMWI. Emlyn alingoja hofu ije. Haikuja. Alisikia kiu tu.

"Kuna mwingine aliyetumia chupa zako?"

"Hakuna," alijibu, kwa mazoea.

Wahenga walisema wema hauozi. Wahenga hawakuwa na friji.

Uongo ule haukumkaa. Akapanda basi hadi kwa Idwal. Nesta, mke wa Idwal, alifungua mlango.

"Karibu shemeji! Mbona umekonda hivyo, huli?"

"Huyo bahili," Idwal alidakia toka jikoni. "Hata tumbo lake analibania!"

Emlyn aliketi bila kuvua koti. Akawaeleza kuhusu virusi, kinga, na chupa ya harusi, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba soli imekwisha. Nesta akaacha kumimina chai.

"Lakini ilikuwa moja tu, kaka," Idwal alisema.

"Moja."

"Basi nitapimwa, yaishe."

"Mpimwe wote wawili. Mke na mume huambukizana."

Idwal akamgeukia mkewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia Emlyn bado. Walikuwa wakingoja Jumapili, waandae chakula, wamfurahishe.

"Watatu, shemeji," Nesta alisema, mkono tumboni.

Emlyn aliwapenda hawa kuliko nafsi yake, na alijua kwamba hapo mtu hulia. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba chai.