Vidonge Kwenye Kikapu cha Kahawa

Siamini bado. Mzee wetu, Ta Projestus, tumemzika juzi Nshamba, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, na mimi leo asubuhi nimeshika simu nikitaka kumuuliza kama mvua imenyesha.

Wengi mlimjua akiwa mzee wa fimbo. Mimi nilimjua akiwa na mabega! Enzi za ujamaa, tulipojenga zahanati ya kijiji kwa kujitolea, wenzake walibeba boriti wawili wawili. Yeye alibeba peke yake.

Boriti ya tano ikamlaza. Mimi ndiye niliyepangiwa unesi pale, na mgonjwa wangu wa kwanza akawa yeye. Nikampa vidonge vya maumivu vya siku tano.

Siku ya sita alifika shamba la kijiji kabla ya kengele. "Nesi, dawa yako kiboko!" Tangu hapo hakuniita jina lingine.

Mgongo haukupona kabisa. Akawa anajinunulia dukani vile vya kutuliza maumivu na uvimbe, miaka na miaka, anaviweka kwenye kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mgeni akiingia anapewa kahawa. Akilalamikia goti, anaongezewa kidonge. Nami nimepewa mara nyingi, nikameza, nikashukuru. Nesi mzima, na certificate yangu!

Mwaka jana miguu ikamvimba. Nikampeleka Bukoba. Daktari akauliza, "Mzee, unatumia dawa gani?"

"Waitu daktari, mimi dawa situmii."

Daktari akanigeukia. Nikasema ni kweli, hatumii. Sikudanganya. Vile vya kikapuni havikunijia akilini kabisa.

Miezi mitatu akaendelea kuvimeza. Siku moja nimeenda kumjulia hali, akanisogezea kikapu, nikaingiza mkono, nikavigusa. Ndipo nikakumbuka swali la daktari.

Tulirudi navyo Bukoba. Daktari akasema hivi, vikimezwa kila siku, vinaweza kuharibu figo, na za Ta Projestus zilikuwa zimebaki na nguvu kidogo sana. Hakutugombeza. Ni heri angetugombeza.

Juzi msibani, kabla kikapu hakijazungushwa kwa watu, nilikipekua. Vilikuwamo viwili, chini kabisa. Nikavitupa chooni.

Mkiulizwa dawa mnazotumia, tajeni na za dukani. Mimi kesho naenda kupima figo zangu.

Ta Projestus, uliulizwa wewe, lakini aliyepaswa kujua jibu ni mimi. Nisamehe. Lala salama, na mgongo usikuume tena.

Nesi wako.