Nyumba ya Musoma Asiyoingia Mwenyewe

Nilipoolewa Nyakoe mwaka wa 1968 niliahidiwa kiwanja. Kilikuwa kwenye shamba la juu, ng'ambo ya kijito, na baba mkwe wangu, Ishmael Machogu, alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba mume wangu Jethro atajenga hapo. Kwa muda tungejibana kwenye saiga, kile kibanda cha kijana asiyeoa, ambamo ukinyoosha mguu unapiga sufuria teke. Mimi Persis si mtu wa kulalamika, lakini kiwanja changu nilikitazama kila asubuhi nikienda kuteka maji, na nyumba nilikuwa nimeshaijenga kichwani hadi kabati la vyombo.

Mwaka uliofuata, hati ya shamba hilo ikaenda benki.

Mzee Machogu alikuwa na mashine ya kusaga unga pale sokoni. Kutwa nzima ilimpigia kelele, na ilipozimwa watu walianza zao: huyu anataka kupatanishwa na ndugu yake, yule anataka mchango wa bati za kanisa. Siku moja alikwenda mjini Kisii kuomba mkopo wa mashine ya pili. Meneja wa benki, Mzungu mpole, alikuwa ametundika ukutani picha ya nyumba yake ya likizo, iliyokuwa katika nchi isiyo yake. Alimweleza mzee kwamba mtu mwenye mali hupumzika mbali na kwake, wasikomfahamu. Mzee alitoka pale bila mashine. Alitoka na mkopo wa kununua nyumba ya vyumba viwili vya kulala Musoma, Tanzania, karibu na ziwa, na shamba la juu likabaki rehani.

"Kiwanja hakijaenda popote," alimwambia Jethro. "Ni karatasi tu imelala benki. Na nyumba si yangu peke yangu, ni yetu sote. Haraka ya kujenga ni ya nini?"

"Ndiyo, Tata," akajibu Jethro. Jethro akiambiwa na baba yake kwamba mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, husema ndiyo, Tata, kisha huingia ndani kutafuta koti.

Likizo ya kwanza ilipangwa Desemba. Tungekwenda wanne: wazee chumba kimoja, sisi kingine. Asubuhi ya safari mkanda wa mashine ukakatika, na mzee hakutaka kuondoka kabla haujatengenezwa.

"Tangulieni," akaagiza. "Fagieni, muwashe moto, nyumba isinuke ubaridi nikifika." Mkewe, mama mkwe Nyamoita, akabaki naye.

Tukatangulia. Nilifagia buibui wa watu wengine, nikawasha moto, nikasonga ugali, tukala samaki, tukalala chumba kikubwa kwa sababu kile kidogo kilivuja. Sijawahi kulala vizuri namna ile tangu niolewe.

Kesho yake alasiri wakafika. Mzee alikuwa amevaa kofia mpya ya majani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamua kupumzika hata kwa nguvu. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Mama mkwe akamshika mkono wa koti.

"Ni nani amewasha moto humu?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Na mmelala?"

Nikatazama chini.

Watu wa kwetu wameshaelewa. Kwa wengine niseme hivi: Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala halali chini ya paa moja na mkaza mwana wake. Na kwa wazee wa ukoo wetu, nyumba ni ya yule ambaye mkewe amewasha moto wa kwanza na kulala humo. Sasa niulize, ule mpango wa vyumba viwili tuliupanga kwa akili gani? Nadhani kila mmoja wetu aliamini chinsoni itashuka basi pale mpakani Sirari na kurudi nyumbani kwa miguu.

"Hii ni nyumba ya likizo," mzee akasema. "Si boma."

"Moto uliomo ni wa nani?" akauliza mama mkwe.

Mzee akaushusha mguu.

Alikodi chumba kwenye nyumba ya wageni iliyopakana na baa, yeye Msabato asiyegusa hata chai ya rangi. Kila asubuhi alikuja na kuketi uani upande wa barabara, kofia kichwani, akipumzika kwa bidii. Siku moja mama mmoja muuza dagaa akamsalimu.

"Shikamoo baba. Mwenye nyumba yupo?"

"Ako ndani," mzee akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Anakula."

"Anakulipa vizuri lakini?"

"Mimi ndio namlipia."

Nilicheka hadi nikajificha nyuma ya mlango. Halafu nikakumbuka kiwanja changu, kicheko kikakauka.

Sikuogopa bure. Tuliporudi Nyakoe, mzee alitangaza kwamba Jethro ana nyumba tayari, tena ya matofali. Majirani wakaja kunipongeza. Nikawapokea mlangoni pa saiga, kwa kuwa ndani hawakuenea. Miaka ilipita hivyo: mimi mwenye nyumba ng'ambo, nikilala na watoto watatu miguuni, na mzee akilipa benki bila kukosa, kwa fahari na kwa hasira. Nami nilimkasirikia, nisifiche.

Februari 1977 alimaliza deni. Mwezi huohuo mpaka wa Tanzania ukafungwa, na Musoma ikawa mbali kuliko Ulaya.

Siku aliyotoka benki na hati, nilikuwa nikipukuchua mahindi nje. Alisimama mbali, amenipa bega kama ipasavyo baba mkwe. Kwa kawaida maneno yake kwangu yalipitia kwa mkewe.

"Msichana wa Ongeri," akaniita kwa jina la baba yangu. "Shamba la juu limerudi. Mwambie Jethro ajenge."

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini hakuondoka.

"Ile nyumba," akasema. "Ndani ikoje?"

Hasira yangu yote ikaniishia palepale. Nikamweleza sakafu ya saruji nyekundu, dari ya mbao, rafu ya jikoni, ufa mdogo kwenye ukuta wa sebule. Alisikiliza akitazama ardhi, kichwa kikikubali kila kitu.

"Na ziwa? Meneja aliniambia nyumba ya likizo lazima ionyeshe maji."

"Linaonekana, Tata. Lote."

"Ukiwa wapi?"

Lilionekana kutoka dirisha moja tu, la chumba tulicholala mimi na mwanawe, na chumba hicho hakitajwi mbele ya baba mkwe. Nikaokota hindi jingine.

Akaelewa. "Basi," akasema, "imetosha," akashika njia ya kwenda kwenye mashine yake.