Mashua ya Kitisuru Iliyouma Wasio na Viatu

Kuna mashua huko Kitisuru ilikuwa inauma watu.

Najua. Hata mimi nilicheka nikiambiwa. Kitisuru hakuna ziwa. Kuna miti na kuta ndefu za matajiri wa Nairobi.

Lakini mashua ilikuwepo. Ya alumini, ina kitanda, choo na bafu, imepandishwa juu ya trela katikati ya bustani ya mzee mmoja, tumwite Mungai. Zamani ilikuwa ikielea Ziwa Naivasha. Siku hizi anaikodisha hapo hapo nyumbani. Wageni wanalipa kulala ndani ya mashua isiyoelea popote, wanapiga picha, wanaenda zao.

Mimi ni fundi wa stima, naishi Mutuini. Shule ya ufundi sikuona. Nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kumwomba Mungu zirudi vile zilikuwa. Wengi hapa mtandaoni mnanijua kwa mambo mengine. Mimi ndiye yule huwakumbusha ni landlodi gani Ngara aling'oa milango ya wapangaji wake, na mlango wa nani uling'olewa kwanza. Kusahau sijui.

Sasa sikia.

Jumapili moja Lornah, jirani yangu, alikuja akitoka kanisani. Hakuketi.

"Nthenya, kaka yangu anafutwa kazi."

"Bramwel? Amefanya nini?"

"Amekataa kuosha mashua. Inamshika."

"Inamshika aje?"

"Akiweka sponji tu, inamshika mkono, inamtingisha mpaka meno. Mdosi anasema ni uvivu. Amempa mpaka mwisho wa wiki aoshe ama ahame."

Ahame. Hilo ndilo neno. Bramwel ni mtu wa shamba kwa Mungai, anatunza bustani, na amepewa chumba kimoja nyuma ya karakana, analala humo na mke na watoto wake. Kule ukipoteza kazi, nyumba inaenda siku hiyo hiyo, na shule ya watoto inafuata.

"Hata pasta aliletwa," Lornah akasema. "Aliweka mkono juu ya mashua, akafunga macho, akasema hapa hakuna kitu. Ati shida iko ndani ya Bramwel."

"Huyo pasta alikuwa na viatu?"

"Viatu vinang'aa, unaweza kujinyoa ukiviangalia."

Nikajua nusu ya hiyo stori hapo hapo.

Bahati ni kwamba wageni walikuwa wameanza kulalamika. Maji ya bafu yalikuwa vuguvugu tu. Mungai akatafuta fundi wa bei ya chini, Bramwel akampa namba yangu.

Nilifika asubuhi. Mungai alinipokea akiwa na raba nyeupe, soli nene kama mkate.

"Fundi ni wewe? Nilidhani utamtuma bwana yako."

"Bwana yangu hushona nguo, boss. Ukitaka suti nitamtuma."

Akacheka. Si mtu mbaya wa kuongea naye, huyo mzee. Ndiyo shida ya wadosi wengi.

Bramwel alikuwa amesimama kando na ndoo, miguu mitupu kwa nyasi zilizolowa. Nilimwuliza mbona havai gambuti. Akamwangalia mdosi kwanza.

"Nilisema asivae," Mungai akajibu mwenyewe. "Anapanda na matope, anachafua sakafu. Wageni wanaandika maneno mabaya huko kwa mtandao."

Nikasema sawa. Sikuhisi kitu. Miaka imenifanya hivyo, nasikia maneno kama hayo, nayaweka mahali, naendelea na kazi.

Niliomba hita iachwe ikiwaka. Nikaenda nje, nikagusa ubavu wa mashua na testa, ile bisibisi yenye kataa ka kuonyesha stima.

Taa ikawaka.

Nikagusa mbele. Ikawaka. Ngazi ya chuma. Ikawaka. Mashua nzima ilikuwa na stima.

Wacha niwaeleze, maana wengi wenu mnaoga na hizi hita. Ndani ya tangi kuna elementi, chuma kinachochemsha maji. Ganda lake likipasuka, stima inatoka polepole, inaingia kwa maji, kwa tangi. Hili tangi lilikuwa limefungwa kwa bolti kwenye mwili wa mashua. Mashua iko juu ya trela, trela iko juu ya magurudumu ya mpira. Stima haina pa kwenda. Inangoja.

Ukija na raba, wewe ni kama lile gurudumu. Hupitishi kitu. Ukija miguu mitupu kwa nyasi zilizolowa, wewe ndiye barabara.

Ndiyo maana mdosi haikumuuma. Wala wageni, wanaopanda na viatu, na wakishaingia ndani hawagusi ardhi. Wala pasta.

Nikamwambia Mungai hivyo hivyo. Akatikisa kichwa.

"Hako kataa kako kanawaka hata kwa ukuta. Mimi nagusa hii mashua kila siku. Angalia." Akaipiga kofi mara mbili kama ng'ombe. "Unaona? Nyinyi mnajuana na huyu, mmepanga."

"Basi vua viatu, boss."

"Ati nini?"

"Na soksi. Simama pale Bramwel amemwaga maji. Na usishike, gusa na mgongo wa mkono tu, ndiyo ukirushwa, urushwe nyuma."

"Leo ni Alhamisi Kuu, ya kuoshwa miguu?"

"Boss, mimi nimekuambia iko na stima. Ukitaka, wacha nizime tuamini testa."

Hakutaka kuamini testa. Akavua. Miguu yake ilikuwa myeupe na laini, kama ya mtu aliyetoka hospitali. Akasimama kwa nyasi, akanyoosha mkono akitabasamu.

"Maitu!"

Alimwita mama yake kwa Kikuyu, akaruka nyuma, akaketi chini kwa matope. Bramwel alikimbia kumwinua. Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na nilikuwa nimeingoja hiyo picha tangu Jumapili.

Nikazima stima kutoka kwa nyumba kubwa. Mungai akaingia ndani kubadilisha suruali. Mimi nikafungua kisanduku cha waya chini ya mashua, kwa sababu kulikuwa na swali moja limebaki. Hita ikivuja, waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano, unatakiwa kuibeba hiyo stima, na swichi ya usalama ianguke. Nyumba nzima inazima. Mbona hapa haikuzima?

Waya ulikuwa umekatwa.

Umekatwa sawasawa, kwa koleo, ncha ikafungwa na tepu nyeusi mizunguko kadhaa, ikakunjwa vizuri pembeni. Kazi ya mtu mwenye heshima.

Nilikuwa tayari nimeanza kuandika hii posti kichwani. Fundi gani wa mdosi amefanya hivi, jina lake, na kiasi alicholipwa.

"Ni mimi, dada."

Bramwel alikuwa amechuchumaa nyuma yangu.

"Wewe?"

"Wageni wa kwanza walipokuja, kila wakiwasha maji stima inapotea nyumba yote. Mdosi alikuwa na marafiki wanaangalia mpira. Akaniita, akasema, Bramwel, ondoa hiyo kitu inasumbua, sitaki isumbue tena. Nimewahi kuona fundi mmoja akikata ile ya kijani. Nikakata. Ikaacha kusumbua. Akaniambia kazi nzuri."

"Na ilipoanza kukushika?"

"Nilijua ni ile waya. Lakini ningesemaje? Angesema ni mimi niliharibu."

Mungai akatokea na suruali safi na raba zake. Akainama. Akaona waya, akaona tepu.

"Nani alikata hii?"

Bramwel aliangalia nyasi. Mungai alimwangalia Bramwel kwa muda, halafu uso wake ukabadilika. Alikumbuka. Nilimwona akikumbuka.

"Panya," akasema.

Akanigeukia mimi.

"Hawa panya wa hapa ni wabaya sana. Ama namna gani, fundi?"

Niliangalia ile tepu. Panya wa kubeba koleo na tepu. Nikaangalia kule nyuma ya karakana, nguo za shule zimeanikwa kwa kamba.

"Panya, boss," nikasema.

"Bramwel?"

"Panya, mzee."

Nikabadilisha elementi, nikaunganisha ule waya, nikapima. Taa haikuwaka. Bramwel akaosha mashua yote mbele yetu, na hakuhamishwa. Lornah aliniletea kuku. Nilimla. Sikumbuki ladha yake, na mimi nakumbuka kila kitu.

Ingeishia hapo ingekuwa stori nzuri.

Lakini mzee akisema kuna panya, lazima panya atafutwe. Mungai alimpa Bramwel hela ya sumu. Bramwel akawa anaiweka chini ya mashua kila jioni, akimtegea panya tuliyemzaa sisi watatu. Ningefanyaje, aliniambia kwa simu, nikikataa ataniuliza kwa nini.

Mke wa Mungai alikuwa na mbwa mdogo, wa kuvalishwa sweta. Akala ile sumu.

Bramwel ndiye alichimba kaburi. Akapanda na maua juu, vile aliagizwa. Halafu akaambiwa afungashe. Kosa: uzembe na sumu. Sasa yuko kwao Malava na familia yake, na amenikubalia niandike.

Lornah aliniambia hayo nikianika nguo. Nikamaliza kuanika.

Funzo ni hili. Swichi ya usalama ikianguka kila saa, usiikasirikie, inakuambia kuna kitu kimepasuka ndani. Ukimkata anayekuambia, nyumba itatulia, na ile stima itabaki pale pale ikingoja mtu asiye na viatu. Na ukidanganya pamoja na mdosi ili umsaidie mnyonge, jua huo uongo ni wa mdosi. Atautumia anavyotaka.

Mzee, jina lako la kweli sijaliandika. Lakini wewe ndiye ulisema hiyo kitu iondolewe, na ukampa mtu kongole kwa kuiondoa.

Hakukuwa na panya.