Mahlika Arushiwa Vijembe

Pale Bukhara arusi ya wanawake bila Mahlika na dufu lake haikuwa arusi. Mimi nilimpigia dufu la pili, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Kazi yetu ilikuwa kuimba na kuwarushia wageni vijembe, na mgeni akirushiwa sharti acheke. Akinuna, aibu yake.

Kilichomkosesha Mahlika usingizi ni bintiye, Gulruhi. Msichana mzuri, hodari wa sindano, lakini kila mama wa mvulana akisikia binti wa nani, aliaga kabla ya kumaliza zabibu. Nani anataka ukwe na ulimi ule?

Basi siku moja, arusini kwa mfinyanzi, bibi mmoja mnene tusiyemjua alikuwa akila pilau na kusukumia mikate ndani ya mkono wa joho. Mahlika, weee! Akakamata dufu:

"Bibi, kula taratibu, wali wataka kulia,
Na joho lako, ajabu, mimba ya mkate pia!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Yule bibi akacheka kama sharti lilivyo, akafuta vidole, akaniuliza, "Huyu ndiye mama yake Gulruhi?"

"Ndiye, bibi," nikajibu, mjinga mimi.

"Mimi Oftobi, mke wa mfua shaba. Nilikuja kumtazama binti, yule pale kando ya bibi arusi."

Mahlika alishuka jukwaani mbio. "Yarabi! Bibi yangu, ni kazi tu, usiniharibie mwanangu!"

"Nyamaza. Mikate ni ya mwanangu, yuko mlangoni, tangu asubuhi hajala kwa wasiwasi. Binti nimempenda. Ila siku ya arusi wewe dufu hulishiki. Mwimbaji namleta mimi."

Akamleta Anbari, hasimu wa Mahlika, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Anbari hakubakiza kitu. Aliimba pua ya Mahlika, akaimba umri wake, akamaliza na mumewe aliyekwenda Marv na ngamia akaona heri abaki na ngamia. Wanawake wote wakageuka kumtazama.

Roho iliniuma. Mahlika akacheka kuliko wote, machozi yakimtiririka.

"Shoga," akaninong'oneza, meno yote nje, "hivi siku zote watu walikuwa wakiumia namna hii?"

"Siku zote."

"Basi cheka na wewe. Gulruhi anatutazama."